Dakika 15 za Highfield Road: kwanini Sunderland mpaka leo hawajasahau 1977

Ngoja nianzie kibanda umiza, maana hapo ndipo hili jambo lilinikaa kichwani. Jumapili ya tarehe 13 Mei 2007, saa 11 jioni, siku ya mwisho ya Ligi Kuu ya England, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, TV ni moja na mwenye kibanda kaweka Manchester United na West Ham kwa sababu United wanakabidhiwa kombe siku hiyo na waliolipa kiingilio wengi ni watu wa United. Pale mlangoni kulikuwa na mzee mmoja kaegemea nguzo, ana redio ndogo kaibandika sikioni, antena yake imevunjika kaunganishia kipande cha waya. Kuelekea mapumziko Tevez akaifungia West Ham, kibanda kikapoa kidogo ila hakuna aliyeumia kivile, ubingwa tulikuwa nao tayari. Dakika hizo hizo yule mzee akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wigan wamepata penati," na kibanda kizima kikageuka kumwangalia yeye, TV tukaiacha inaongea peke yake.

Sisi tulikuwa tunaangalia mpira, yule mzee alikuwa anajua ligi. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Leo ukimuuliza mtu yeyote aliyekuwa anafuatilia msimu ule, Sheffield United alishushwa na nani, atakwambia Tevez bila kufikiri. Na ana haki yake, West Ham walikuwa wamepigwa faini ya pauni milioni 5.5 kwa sababu ya mikataba ya Tevez na Mascherano iliyokuwa na mkono wa mtu wa tatu, pointi hawakukatwa, halafu Tevez huyo huyo ndio akafunga goli la ushindi Old Trafford. Ila siku ile Sheffield United alikuwa nyumbani na sare tu ilimtosha, akafungwa 2-1 na Wigan, na ile penati aliyoisema mzee wetu ilipigwa na David Unsworth ambaye Januari ya msimu huo huo alikuwa ametoka Sheffield United kwenda Wigan. Wigan akabaki kwa tofauti ya goli moja. Unsworth nani anamkumbuka? Kumbukumbu ya shabiki inachagua mtu mmoja wa kumtwika mzigo wote, halafu vingine vinafutika taratibu.

Sasa mechi ninayotaka kuifungua leo ni ya miaka 30 kabla ya hiyo, na naona ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote za kushuka daraja kwa sababu inasimuliwa kila siku lakini mara nyingi inasimuliwa nusu. Coventry City na Bristol City, uwanja wa Highfield Road nyumbani kwa Coventry, Alhamisi usiku tarehe 19 Mei 1977. Aliyeumia hakuwa hata uwanjani, alikuwa mji wa Liverpool anacheza na Everton, ni Sunderland.

Twende polepole kwenye hesabu, maana bila hesabu hutaelewa kwanini watu wana hasira ya karibu miaka 50.

Ligi ilikuwa na timu 22, zinashuka 3, ushindi ulikuwa pointi 2 tu na sare pointi 1. Tottenham na Stoke walishakwenda na maji. Imebaki nafasi moja ya kushuka na inagombewa na timu tatu, Coventry, Bristol City na Sunderland, zote zina pointi 34 na zote zimebakiza mechi moja, yaani mechi za kiporo kwa lugha yetu, Jumamosi ya mwisho ya ligi ilishapita na timu nyingi zilikuwa zimeshamaliza. Zikilingana pointi inaangaliwa tofauti ya magoli, na huo ndio ulikuwa msimu wa kwanza England kutumia utaratibu huo, zamani walikuwa wanachukua magoli uliyofunga wanagawanya kwa uliyofungwa. Sunderland alikuwa na hasi 6, Bristol City hasi 10, Coventry hasi 11.

Ukishazishika namba hizo tatu kila kitu kinafunguka. Sunderland akipata sare tu kwa Everton amepona, basi, hana haja ya kumsikiliza mtu. Akifungwa, bado ana pumzi, kwa sababu Coventry na Bristol City wanacheza wenyewe kwa wenyewe, mmoja wao akifungwa atabaki na pointi 34 na tofauti ya magoli mbaya kuliko ya Sunderland, kwahiyo ndiye atakayeshuka. Kuna njia moja tu ya kumshusha Sunderland, afungwe yeye Goodison Park, uwanja wa Everton, na hawa wawili watoke sare. Njia moja.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi wanapopita haraka na mimi naomba tusimame kidogo. Watu wanasema Coventry na Bristol City wote walifurahia sare. Ndiyo, mwishoni walifurahia wote, lakini hawakuwa sawa tangu mwanzo. Bristol City sare ilimtosha hata kama Sunderland angeshinda mabao kumi, maana angekuwa na pointi 35 sawa na Coventry na tofauti yake ya magoli ni bora kwa goli moja. Coventry je? Coventry akitoka sare na Sunderland akapata hata sare kule, Coventry ameshuka, kwa goli moja hilo hilo. Kwahiyo kati ya timu zile mbili zilizokuwa uwanjani, aliyehitaji kujua matokeo ya Everton alikuwa mmoja tu, mwenye uwanja. Mgeni alikuwa hana shida ya kujua chochote.

Na mwenye uwanja ndiye aliyekuwa na saa na ubao wa matokeo.

Muda wa kuanza ukafika, mechi ya Everton na Sunderland ikaanza, Highfield Road bado. Coventry walieleza kwamba nje kuna foleni na msongamano, watu hawajaingia, na kwa kweli watu walikuwa wengi sana, zaidi ya 36,000 waliingia usiku ule na Bristol City walikuja na umati wao. Dakika zinazotajwa zaidi ni 15. Ukienda kwa mashabiki wenyewe utasikia 5, utasikia 10, kila mtu na saa yake, lakini hakuna anayebisha kwamba walichelewa na kwamba kuchelewa huko kulitosha.

Mpira wenyewe, ndugu yangu, haukuwa wa kupangwa hata kidogo, na hili watu wa Sunderland wanapaswa kulikubali. Tommy Hutchison akaifungia Coventry kipindi cha kwanza, akarudi kipindi cha pili mapema akafunga la pili, 2-0, Coventry wanaogelea. Wakati huo Bristol City ndio anayezama. Gerry Gow akarudisha moja, Bristol City wakapanda mbele wote, na baadaye Don Gillies akasawazisha, 2-2. Sasa fikiria upo jukwaani na wewe ni wa Coventry, ulikuwa na 2-0 mkononi, imekuwa 2-2, jamaa wana moto, goli moja tu la Bristol City unashuka, na hata yakibaki hivi hivi huna uhakika kwa sababu hujui Sunderland wamefanya nini. Unatakiwa ufunge lakini ukipanda unaacha nyuma wazi. Ni mateso ya aina yake.

Halafu ubao ukaandika, Everton 2, Sunderland 0, mpira umekwisha.

Uwanja mzima ukalipuka. Mechi ya Goodison imeisha, Sunderland kafungwa, na huku bado kuna dakika za kucheza. Kuanzia hapo, kwa maelezo ya waliokuwepo pande zote mbili, mpira ulikufa. Bristol City wakawa wanapigiana pasi nyuma kwao, beki kwa beki, beki kwa kipa, na wachezaji wa Coventry wamesimama wanawaangalia, hakuna anayekwenda kukaba. Watu waliokuwa dakika chache tu nyuma wanakimbizana kama wanagombania roho zao wakawa kama wanapasha misuli. Kipenga kilipopulizwa wote walishangilia, wachezaji kwa mashabiki, timu mbili zilizokuwa zinataka kuuana zimepona pamoja.

Msimamo ukasomeka hivi, Bristol City 35, Coventry 35, Sunderland 34. Na angalia tofauti za magoli, Sunderland alishuka na hasi 8, bora kuliko wote wawili waliopona.

Je ilikuwa kupanga matokeo? Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikiwa naihurumia Sunderland kabisa. Kupanga matokeo kunahitaji watu wakae waongee. Hapa hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake neno. Ukiwa na timu mbili ambazo zote zinajua, kwa uhakika, kwamba matokeo yaliyopo yanaziokoa zote, mpira unasimama wenyewe, hata ungewaweka mapadri na mashehe pale uwanjani wangepigiana pasi. Kosa lilikuwa kwenye kuruhusu hali ambayo mmoja anajua majibu ya mtihani wakati mwenzake alishakusanya karatasi.

Ndiyo maana mimi huwa natenganisha mambo ambayo mashabiki wanayachanganya. Kuchelewesha mechi kwa sababu ya foleni naweza kukuelewa, usalama wa watu ni usalama wa watu, na wakati ule viwanja vya kusimama vilikuwa na hatari kweli. Kucheza taratibu dakika za mwisho nakuelewa pia, mchezaji hawezi kulazimishwa kuhatarisha kazi yake kwa ajili ya timu iliyo mji mwingine. Lakini kuyaweka yale matokeo kwenye ubao, kwa makusudi, mbele ya wachezaji, wakati unajua kabisa wewe ndiye uliyechelewa kuanza, hapo ndipo nashindwa. Kuna watu watasema hata bila ubao wangejua tu, redio zilikuwepo jukwaani. Sawa, lakini redio ni fununu, mchezaji atasikia kelele asijue ni za nini, mmoja ataambiwa 1-0 mwingine 1-1. Ubao wa klabu ni tamko rasmi, una uhakika, na kilichozima ule mpira ni uhakika.

Wakuu wa soka walichunguza, Coventry wakapewa karipio. Karipio tu. Hakuna pointi iliyokatwa, hakuna mechi iliyorudiwa, Sunderland wakaenda daraja la pili.

Hapa anaingia Jimmy Hill, na bila kumfahamu huyu bwana hutaelewa chuki ilivyopata sura ya mtu. Hill wakati ule ndiye aliyekuwa anaongoza klabu ya Coventry, na inasimuliwa kwamba ni yeye aliyetaka matokeo ya Goodison yawekwe ubaoni haraka. Hakuwa mtu wa pembeni. Ndiye aliyekuwa mbele kwenye mapambano ya chama cha wachezaji mpaka ukomo wa mshahara wa pauni 20 kwa wiki ukafutwa mwaka 1961. Akaenda Coventry kama kocha, akaitoa daraja la tatu mpaka la kwanza kufikia 1967. Akawa mtangazaji wa mpira BBC, kile kidevu chake kilikuwa kinajulikana nchi nzima. Na baadaye ni yeye huyo huyo aliyepigania ushindi uwe pointi 3, England wakaanza kutumia mwaka 1981, ili timu ziache kuridhika na sare. Nikilifikiria hilo na ile sare ya 1977 huwa nanyamaza kidogo.

Sasa kama ungekuwa shabiki wa Sunderland, kila Jumamosi usiku ukiwasha TV uone mechi zako, anayekukaribisha sebuleni ni yule yule mtu. Wiki baada ya wiki, miaka. Kwa Sunderland kidonda kilikuwa kinafunguliwa kila wikiendi na BBC wenyewe. Mwaka 2008, miaka 31 imepita, Hill akiwa mzee wa karibu miaka 80 alikwenda Craven Cottage kuangalia Fulham na Sunderland, maana Fulham alikuwa mwenyekiti wao zamani. Mashabiki wa Sunderland wakamwona. Polisi ilibidi wamwondoe karibu yao kwa usalama wake. Wengi waliokuwa wanamzomea siku ile, nina hakika, 1977 walikuwa hawajazaliwa. Walirithishwa, kama mtu anavyorithishwa shamba au ugomvi wa mpaka.

Na ndio utamu na ubaya wa kumbukumbu ya mpira. Aliyerithi hakurithi kitu kizima, alirithi mtu wa kumchukia na dakika 15. Hakuambiwa kwamba Sunderland msimu ule walianza vibaya sana, kocha Bob Stokoe aliyewapa kombe la FA la 1973 akaondoka Oktoba, na kipindi cha baridi walipita mechi nyingi mfululizo bila kupata hata goli moja. Halafu chini ya Jimmy Adamson, na vijana kama Gary Rowell na Kevin Arnott, wakafufuka kwa namna ya ajabu, Middlesbrough 4-0, West Brom 6-1, West Ham 6-0, moja kwa moja. Timu iliyokuwa maiti Januari ikafika siku ya mwisho inahitaji sare moja tu. Kwa kweli wangeipata sare ile kwa Everton, Hill angeweza kuandika ubaoni chochote anachotaka na isingesaidia. Walifungwa 2-0. Hilo huwa linakaa nyuma kabisa ya hadithi.

Sisemi hivi kuwapunguzia haki. Nasema kwa sababu naona pande zote mbili zina ukweli wake na ukweli mmoja haufuti mwingine. Sunderland walijishusha wenyewe Goodison, na Sunderland walidhulumiwa Highfield Road. Yote mawili yalitokea usiku mmoja.

Halafu kuna 1997. Hii ukimsimulia mtu asiyejua anadhani unatunga.

Tarehe 11 Mei 1997, siku ya mwisho ya ligi, miaka 20 kamili, waliopo kwenye hatari ya kushuka ni Sunderland, Middlesbrough na Coventry. Coventry yuko ugenini White Hart Lane kwa Tottenham. Mechi inacheleweshwa. Kwa nini? Foleni, mashabiki hawajafika. Kwa muda gani? Dakika 15! Sunderland anacheza na Wimbledon, anafungwa 1-0. Middlesbrough anatoka sare 1-1 na Leeds. Coventry ana 2-1 mkononi, magoli ya Dion Dublin na Paul Williams, na mechi zingine zote zimeisha, anajua kabisa akimaliza hivi amepona, Coventry 41, Sunderland 40, Middlesbrough 39. Wakamaliza hivyo hivyo. Sunderland akashuka tena, na ndio ulikuwa msimu wao wa mwisho kwenye uwanja wao wa zamani, Roker Park.

Kwa macho ya shabiki wa Sunderland hiyo ni njama ya pili. Lakini ukiiweka karibu na ile ya kwanza utaona haifanani hata kidogo. Safari hii Coventry alikuwa mgeni, saa haikuwa yake, ubao haukuwa wake. Na Tottenham hakuwa na chochote cha kupata kwenye matokeo yale, kwahiyo hakukuwa na mtu wa kusimama naye. Dakika zile 15 za mwisho Tottenham walishambulia mfululizo na Steve Ogrizovic, kipa wa Coventry wa miaka 39, alidaka mpaka mwisho. Kujua matokeo kuliwaongezea Coventry presha tu, walijua goli moja linawaua. Kwenye 1977 kujua kulizima mpira, kwenye 1997 kujua kulizidisha moto. Tofauti ni yule mpinzani wako anataka nini.

(Na kama unatafuta mwenye kulalamika zaidi mwaka ule ni Middlesbrough, walikatwa pointi 3 kwa kutokwenda kucheza Blackburn mwezi Desemba wakidai wachezaji wanaumwa. Bila makato wana 42 na anayeshuka ni Coventry. Sunderland angeshuka vile vile.)

Watu wa Afrika tunalijua hili jambo kwa jina lingine. Gijón, Hispania, kombe la dunia 1982. Algeria walikuwa wamewapiga Ujerumani Magharibi 2-1, kitu ambacho dunia haikuamini, wakamaliza mechi zao tarehe 24 Juni kwa kumfunga Chile 3-2. Ujerumani na Austria wakacheza kesho yake wakijua kila kitu, Ujerumani wakishinda kwa goli moja au mawili wote wawili wanapita na Algeria anatoka. Hrubesch akafunga dakika ya 10, na dakika 80 zilizobaki ni zile zile pasi za Highfield Road, mashabiki wa Algeria wakipunga noti jukwaani. Hakuna kanuni iliyovunjwa, matokeo yakabaki. Ila kuanzia 1986 FIFA wakaweka mechi za mwisho za kundi zichezwe muda mmoja, na mpaka leo ndio hivyo.

Nawaza mara nyingine kama ile ya Coventry ingechukuliwa kwa uzito miaka mitano kabla, Algeria wangeumia? Maana tatizo lilikuwa lile lile, lilishaonekana wazi mbele ya watu 36,000, likaishia kwenye barua ya karipio.

Na sisi huku bongo tunabishana kuhusu viporo kila msimu, watu wanaona kama ni kelele za Simba na Yanga tu, lakini hoja ya msingi ndio hii hii. Timu yenye kiporo inacheza ikijua inahitaji nini. Ndiyo maana raundi ya mwisho mechi zinapangwa muda mmoja nchi nzima, na ndiyo maana kama mechi moja imechelewa kuanza sababu ya mvua au taa, mashabiki wa timu nyingine wana haki ya kuuliza kwa nini zingine hazikusubiri. Akikwambia mtu dakika 10 ni kitu kidogo, mwambie aulize Sunderland.

Coventry baada ya usiku ule walikaa ligi kuu mpaka 2001. Tarehe 16 Mei 1987 wakachukua kombe la FA kwa kuifunga Tottenham 3-2, na kesho yake tu, tarehe 17, Sunderland akatolewa na Gillingham kwenye mchujo akashuka daraja la tatu kwa mara ya kwanza kwenye historia yake. Wikiendi moja hiyo. Bristol City ndio wamesahaulika kabisa kwenye hadithi ingawa Gow na Gillies ndio walioifungia yale magoli mawili. Walishuka 1980, mwaka ule ule Sunderland anapanda, wakaendelea kushuka kila msimu mpaka daraja la nne 1982, klabu ikakaribia kufa, wachezaji nane wakakubali kuvunja mikataba yao ili iendelee kuishi. Mpaka leo hawajarudi ligi kuu. Hakuna anayewazomea.

Hill alifariki Desemba 2015. Coventry walishamsimamishia sanamu nje ya uwanja wao mpya tangu 2011, na kwao ni haki yake, bila yeye pengine klabu ile isingefika popote.

Mei 2025 droo ya maisha ikawakutanisha tena, Coventry na Sunderland, nusu fainali ya mchujo wa kupanda ligi kuu. Tarehe 9 mashabiki wa Sunderland walikwenda Coventry, kwenye uwanja ule wenye sanamu, timu yao ikashinda 2-1. Tarehe 13 wakarudiana Sunderland, Coventry wakafunga kipindi cha pili, jumla 2-2, namba ile ile, na zikachezwa dakika 30 za nyongeza. Hata hizo zikaisha, tuko dakika ya 122, kona ya Sunderland inapigwa, beki Dan Ballard anapanda juu ya kila mtu, mpira unagonga mwamba wa juu unaingia. Nyimbo za Jimmy Hill zilikuwa zinaimbwa tangu wiki iliyopita, na kwenye majukwaa yale watu wazima wenye mvi walikuwa wanalia kama watoto, siku 11 baadaye Wembley wakaifunga Sheffield United 2-1 wakapanda. Sheffield United, wale wale wa penati ya mzee wetu wa redio.